Kovu la Mji wa Mimba Lisiachwe Gizani

Katika nchi yetu, habari ya mama aliyejifungua kwa upasuaji huishia mlangoni mwa hospitali. Mama ametoka salama, mtoto analia kwa afya, nyuzi zimetolewa, na jamaa waliokuja kumpokea wanamshukuru Mungu na daktari. Ni haki yao kushukuru. Lakini kisu kilichopasua ngozi kilipasua pia mji wa mimba, na mahali hapo hapatarudi kuwa kama palivyoumbwa. Pataunganishwa na kovu, na kovu hilo ndilo litakalokuwa ndani wakati wa mimba ya pili, ya tatu na pengine ya nne. Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili ni hili: ni nani katika Migori na Homa Bay anayelichunguza kovu hilo kabla halijamdhuru mwenyewe?

Swali hili si la madaktari peke yao. Takwimu zilizotokana na sensa ya mwaka 2009 zilionyesha kwamba, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 673 walifariki katika Migori na 583 katika Homa Bay. Kaunti hizo mbili zilihesabiwa miongoni mwa kaunti 15 zilizobeba sehemu kubwa ya vifo vya uzazi nchini. Tangu wakati huo mengi yamefanyika. Mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Ukafuata mpango wa Linda Mama. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi waliongezeka kutoka asilimia 62 mwaka 2014 hadi asilimia 89 mwaka 2022. Sensa ya mwaka 2019 nayo ilikadiria vifo vya uzazi kwa nchi nzima kuwa 355.

Maendeleo hayo hayana budi kusifiwa. Hata hivyo, kila hatua ya maendeleo huzaa wajibu wake. Katika kipindi hicho hicho cha 2014 hadi 2022, sehemu ya watoto waliozaliwa kwa upasuaji nchini iliongezeka kutoka asilimia 9 hadi 17, yaani karibu maradufu. Kwa maneno mengine, tumeokoa akina mama wengi kwa kisu, na kwa kufanya hivyo tumepata kizazi kipya cha wanawake wenye makovu katika miji yao ya mimba. Mwanamke wa mjini aliyeamua kuzaa watoto wawili huenda asilisumbue kovu lake zaidi ya mara moja. Lakini mwanamke wa Nyatike au wa Suba, ambaye jamaa na jirani wanatarajia azae wanne au watano, hulijaribu kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Upasuaji wa kumtoa mtoto si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro ambayo sasa imo ndani ya Uganda, mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke wa miaka 20 hivi aliyeshindwa kujifungua. Mwanamke yule alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikatumiwa kuosha mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na ngozi ikafungwa kwa misumari myembamba iliyozungushiwa uzi wa magome ya mti. Katika maelezo yake yaliyochapishwa Edinburgh mwaka 1884, Felkin alisema kwamba kufikia siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Lakini mji wa mimba wenyewe haukushonwa. Ulikandwa na kubanwa hadi ukajikunyata. Asiwepo wa kumcheka mganga yule, kwa maana Ulaya nayo ilianza kuushona kwa kawaida baada tu ya Mjerumani Max Sänger kuandika juu ya jambo hilo mwaka 1882.

Kisa cha Kahura kina funzo kwetu. Kidonda cha nje kiliweza kuonekana, kikaguliwa na kusifiwa. Kidonda cha ndani hapakuwa na mtu awaye yote, wala Bunyoro wala Edinburgh, aliyeweza kujua kilivyopona. Sasa imepita karibu karne moja na nusu. Vyumba vya upasuaji vina taa, dawa ya usingizi na nyuzi safi. Lakini mama anayetoka katika hospitali ya Rongo, ya Mbita au ya Kehancha akiwa hana maandishi yoyote juu ya kovu lake la ndani, naye asipigwe picha mimba inayofuata inapoanza, hana tofauti kubwa na yule wa Kahura. Ngozi yake imepona, na hayo tu ndiyo ajuayo.

Yafaa basi tueleze kwa nini kovu hilo lina uzito. Siku hizi madaktari hupasua sehemu ya chini ya mji wa mimba kwa mkato wa kulala, njia iliyoenezwa na Munro Kerr wa Glasgow katika miaka ya 1920. Sehemu hiyo hutoa damu kidogo na hupona vizuri. Mwanamke mwenye kovu moja la aina hiyo, akijaribu kujifungua kwa njia ya kawaida, uwezekano wa kovu kuchanika ni kama mmoja katika 200. Lakini iwapo daktari alilazimika kupasua kwa mkato wa kusimama katika sehemu ya juu, labda kwa sababu mtoto alikuwa hajakomaa au amelala vibaya, hatari huongezeka mara nyingi, na mama huyo hapaswi kabisa kuachwa aingie katika uchungu wa uzazi. Isitoshe, alama iliyo kwenye ngozi haisemi lolote kuhusu mkato wa ndani. Ngozi inaweza kuwa na alama ya kulala hali mji wa mimba umepasuliwa wima. Asiyeandikiwa hawezi kubuni.

Hatari ya pili ni kondo la nyuma. Kwa kawaida kondo hujishika juu ya utando laini wa mji wa mimba, na mtoto akishazaliwa hubanduka lenyewe. Penye kovu utando huo huwa umeharibika, na kondo likikaa hapo huweza kuzamisha mizizi yake katika nyama ya ukuta, hata kuupenya na kushika kibofu cha mkojo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliofuata wanawake wapatao 30,000 waliojifungua kwa upasuaji, uliwaangalia wale ambao kondo lao lilikaa chini likiziba njia. Katika upasuaji wa kwanza, waliokutwa na kondo lililong'ang'ania ukuta walikuwa 3 kwa kila mia; katika wa pili 11; katika wa tatu 40; na katika wa nne 61. Tarakimu hizo zasema wazi kwamba hatari haiongezeki polepole, bali hupanda kwa kasi.

Na tukumbuke jinsi damu inavyokwenda. Mimba ikikaribia kutimiza miezi yake, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika, ilhali mwili mzima wa mwanamke una lita tano au sita hivi. Kondo lililong'ang'ania likivutwa kwa nguvu na mhudumu asiyejua alilo nalo, mama anaweza kumaliza damu yake kabla ya gari la wagonjwa kuwashwa. Mama wa Kisiwa cha Mfangano huanza kwa boti kabla ya kushika barabara ya kwenda Homa Bay. Mama wa Muhuru Bay ana safari ndefu hadi mjini Migori. Na wote wawili, hali ikizidi, hupelekwa Kisii au Kisumu. Hakuna dereva wala nahodha awezaye kushindana na nusu lita kwa dakika. Dawa ya hatari hii ni kuijua majuma mengi kabla ya uchungu, ili mama asafiri akiwa mzima, kwa miguu yake mwenyewe.

Hapa ndipo picha inapoingia. Mwalimu wa fizikia hatapata taabu kuwaeleza wanafunzi wake jinsi ultrasaundi inavyofanya kazi, kwa maana asili yake ni mwangwi. Sikio la binadamu halisikii sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Kifaa hiki hupeleka mwilini mawimbi yenye mitetemo ya mamilioni kwa sekunde, kisha husikiliza yanavyorudi. Maji na damu huonekana vyeusi, mfupa huonekana mweupe, na nyama huwa na rangi ya kijivu. Haitumiki miali ya eksirei, na kwa hiyo mtoto aliye tumboni hapati madhara ya miali hiyo. Daktari Ian Donald wa Glasgow, aliyechapisha picha hizo pamoja na wenzake mwaka 1958, alianza na chombo cha viwandani kilichokuwa kikitumiwa kutafuta nyufa katika vyuma. Hivyo kutafuta udhaifu wa ukuta wa mji wa mimba ni kukirudisha chombo hicho kwenye kazi yake ya kwanza.

Kovu la upasuaji likitazamwa vizuri, hasa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, huonekana katika ukuta wa mbele, juu kidogo ya mlango wa uzazi. Wakati mwingine huwa na kishimo cheusi chenye umbo la pembetatu. Wanawake wengi wenye kishimo hicho hawaumwi. Wengine hutokwa na damu kidogo kidogo baada ya hedhi kwisha, au hupata maumivu, au huchelewa kushika mimba, nao huzunguka wakitafuta waliowaroga kumbe chanzo ni kovu. Katika majuma ya mwanzo ya mimba mpya, picha huonyesha kama mimba imekaa mahali pake au imejipachika ndani ya kovu lenyewe, hali ambayo haifai kuachwa iendelee bila uamuzi wa daktari bingwa. Kati ya juma la 18 na la 22 huonyesha kondo limekaa wapi. Likiwa limekaa chini, juu ya kovu, hutazamwa tena karibu na juma la 32. Aidha, mama aliyetoka kupasuliwa akipata homa na maumivu yasiyoisha, picha huweza kufichua damu au usaha uliojikusanya ndani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe picha angalau mara moja kabla ya juma la 24. Kwa mwenye kovu, ushauri huo unafaa kuchukuliwa kuwa kiwango cha chini kabisa.

Hata hivyo tusiifanye picha kuwa hirizi. Mwaka 1996 madaktari wa Ufaransa walitangaza, baada ya kuwapima wanawake 642, kwamba unene wa ukuta kwenye kovu waweza kutabiri kuchanika, na kipimo cha milimita 3.5 kikapata umaarufu. Lakini majaribio makubwa zaidi yaliyofanyika huko huko Ufaransa, yenye wanawake karibu 3,000, yaliyochapishwa mwaka 2022, hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya waliopimwa unene huo na wasiopimwa. Kwa hiyo milimita peke yake haiwezi kuwa hakimu wa nani ajaribu kuzaa mwenyewe na nani arudi mezani. Uamuzi huo hutegemea pia aina ya mkato, idadi ya makovu, muda uliopita tangu mtoto aliyetangulia, na kama kuna chumba cha upasuaji karibu. Kuonyesha mahali ilipo mimba na mahali lilipo kondo, hilo picha hulifanya vyema. Tuiombe lile inaloweza.

Na tusifikiri kwamba kununua mashine ni kumaliza kazi. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodi vifaa vya hospitali wa thamani ya shilingi bilioni 38, vikiwemo vifaa vya picha, kwa ajili ya hospitali 98, karibu mbili kwa kila kaunti. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kiasi ambacho baadaye kilipandishwa hadi milioni 200. Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti kali mwaka 2020, na miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba vifaa vingine vilikaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Somo ni dhahiri: mashine haioni, anayeona ni mtu aliyefunzwa. Tangu hapo vifaa vidogo vya mkononi, vinavyounganishwa na simu, vimeingia nchini, na mwaka 2022 mamia ya wahudumu, wengi wao wakunga, walifunzwa kuvitumia. Mkunga aliyefunzwa vyema katika zahanati ya Karungu au ya Rusinga anaweza kutambua kwamba kondo limekaa chini na kumpeleka mama mbele. Hahitaji kuwa daktari bingwa ili kujua kwamba mama huyu asisubiri uchungu nyumbani.

Kuna kundi moja ambalo walimu hawana budi kulifikiria kwa namna ya pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, katika kila moja ya kaunti hizi mbili, karibu asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Msichana wa umri mdogo, ambaye nyonga zake hazijakomaa, ni miongoni mwa wanaoweza kufikishwa kwenye meza ya upasuaji. Sera ya kumruhusu arudi shuleni ilianza mwaka 1994, na mwongozo mpya ukatolewa mwaka 2020. Shule humpokea, humpa dawati, humhimiza asome. Lakini nani humwambia kwamba ana miaka 25 au zaidi ya uzazi mbele yake, na kwamba katika miaka yote hiyo atakuwa na kovu ambalo lazima alitaje kwa kila mkunga atakayemwona? Mwalimu wa nasaha akimwambia neno hilo moja, na kumsihi atunze karatasi yake kama atunzavyo cheti cha mtihani, atakuwa amefundisha somo ambalo halimo katika mtaala.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kupunguza upasuaji. Wana sehemu ya haki. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba, kwa jamii nzima, upasuaji ukizidi asilimia 10 ya uzazi wote hauonekani tena kupunguza vifo. Upasuaji usio na sababu ni kovu lisilo na sababu, na hospitali inayokimbilia kisu kwa ajili ya malipo inastahili kukemewa. Lakini hoja hiyo haimsaidii mwanamke ambaye tayari amepasuliwa. Tena, tukiieneza bila uangalifu, huenda ikaongeza hofu ya kisu, na mwenye kovu akajificha kwa nyamrerwa kijijini, mahali ambapo kovu likichanika hakuna wa kumwokoa.

Nini basi kifanyike? Jambo la kwanza ni maandishi, nayo ni rahisi kuliko yote. Kila mama aondoke hospitalini na kijitabu chake cha mama na mtoto kikiwa kimeandikwa sababu ya upasuaji, aina ya mkato wa ndani, shida yoyote iliyotokea, na ushauri kuhusu uzazi ujao. Mamlaka ya Afya ya Jamii imeweka kiwango cha shilingi 30,000 kwa kila upasuaji wa kujifungua. Kuna ugumu gani kuweka sharti kwamba hospitali isiyojaza maelezo hayo isilipwe? Hospitali nyingi huuchelewesha wino. Hakuna inayopenda kucheleweshewa fedha.

Jambo la pili ni kila mwenye kovu kupigwa picha mapema, karibu na kwao na bila malipo. Mabunge ya kaunti ya Migori na Homa Bay hupitisha bajeti kila mwaka. Wawakilishi wanaojua kuuliza juu ya barabara na masoko waulize pia ni zahanati ngapi zina kifaa kinachofanya kazi, ni wangapi wamefunzwa kukitumia, na nani huwasimamia. Jambo la tatu ni safari iliyopangwa: mama aliyeonekana kuwa na kondo juu ya kovu aandikiwe hospitali atakayozalia na juma atakalokwenda, na apate mahali pa kungojea karibu nayo.

La mwisho limo mikononi mwa wasomaji wa ukurasa huu. Chumba cha upasuaji kisicho na damu hakimfai mama mwenye kondo lililong'ang'ania, na damu haitengenezwi kiwandani. Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule za sekondari ndio wamekuwa chemchemi kubwa ya damu inayochangwa nchini, na shule zikifungwa akiba hushuka. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 16 na mwenye afya njema, anaponyoosha mkono wake siku ya kuchangia, huenda anamwokoa mama wa mwenzake wa darasani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa wenyewe umo ndani ya mwili wa mama, hauonekani kwa jicho, na ukuta ukishabomoka hakuna fundi wa kuujenga upya. Chombo cha kuuona ufa huo kimekuwapo tangu mwaka 1958. Kinachosubiriwa ni sisi kukubali kwamba kazi ya hospitali haimaliziki nyuzi zinapotolewa, na kwamba mama wa Mfangano na wa Muhuru ana haki ya kujua alichoachiwa tumboni na kisu kilichomwokoa.